Kupanga ofisi ya kampuni ya teknolojia: kutoka barazani hadi ndani

Simu ninazopigiwa huwa za namna moja. Kampuni changa ya programu imekua, sebule ya mwanzilishi haitoshi tena, wamepata ghorofa ya kupanga Kijitonyama au Mikocheni hapa Dar es Salaam, na swali la kwanza ni: "Dada, tukibomoa kuta zote si watu watashirikiana zaidi?" La pili ni idadi ya viyoyozi. La tatu ni kama meza zinunuliwe dukani au zichongwe na maseremala wa Keko. Nimeyajibu haya kwa mdomo hadi nimeona bora niyaandike, hatua kwa hatua, kwa yeyote aliyekabidhiwa funguo za ghorofa tupu na kuambiwa "tutengenezee ofisi".

La kwanza nalijibu hapa hapa: usibomoe zote. Mwaka 2018 watafiti Ethan Bernstein na Stephen Turban walichapisha utafiti wa kampuni mbili kubwa zilizoondoa vizuizi na kuwahamishia watu kwenye ukumbi wazi. Mazungumzo ya ana kwa ana yalipungua kwa takriban asilimia 70, na watu wakakimbilia barua pepe na ujumbe wa maandishi. Mtu ukimweka mbele ya macho na masikio ya wote kutwa nzima, anajifunika. Anavaa hedifoni na kuinamisha kichwa.

Mfano wangu wa kufuata ni nyumba ya Mwambao. Pale Lamu au Mji Mkongwe wa Zanzibar, mpita njia anakaa barazani na kahawa yake. Mwenye shauri anakaribishwa dakani, yaani kile kiukumbi cha mlangoni. Aliyezoeleka anafika uani. Vyumba vya ndani ni vya wenyewe. Kila ukipiga hatua kwenda ndani, kelele zinapungua na wanaoruhusiwa kupita wanapungua. Watu wa nyumba hizo hawakosi mazungumzo, na wakati huohuo mtu akitaka kulala anapata pa kulala. Ofisi nayo ipangwe hivyo.

Katika mwongozo huu nitatumia ofisi moja ya mfano: ghorofa ya mita 12 kwa 15, yaani mita za mraba 180, vyoo viko nje kwenye korido ya jengo. Watu ni 20: watengeneza programu 10, huduma kwa wateja 4, mauzo 2, viongozi 2, mhasibu 1 na wa mapokezi 1.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Ramani ya ghorofa yenye vipimo. Kama mwenye jengo hana, pima mwenyewe kwa tepu ya mita 5 na uchore kwenye karatasi ya miraba. Weka nguzo, madirisha, milango inakofungukia, na kimo kutoka sakafuni hadi kwenye zege la juu, siyo hadi kwenye dari tu.
- Mkataba wa pango, usomwe wote. Tafuta vipengele vitatu: unaruhusiwa kutoboa nini, nje unaweza kufunga viyoyozi wapi, na ukihama kuta ulizojenga ni za nani.
- Orodha ya watu kwa kazi wanazofanya kutwa. Vyeo viache.
- Roli mbili za tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi, na chaki.
- Fundi umeme mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), fundi wa jipsamu, na seremala. Waone wote watatu kabla hujamlipa hata mmoja.
- Bajeti iliyoachwa mkia. Sehemu moja ya kumi isiguswe hadi mwezi wa pili baada ya kuhamia, kwa sababu ofisi itakuonyesha makosa yake ikishakuwa na watu.

Mapema pia peleka ramani yako Zimamoto na uulizie usajili wa mahali pa kazi OSHA, wakala wa usalama na afya kazini. Ukienda wakati kuta zimeshasimama, unaweza kulazimika kubomoa.

Hatua ya 1: Hesabu sauti kabla ya kuhesabu meza

Kaa siku tano kwenye ofisi yao ya sasa, hata kama ni sebule. Chora jedwali la masaa, kisha kila nusu saa andika nani anaongea, kwa simu au ana kwa ana, na nani anajaribu kunyamaza. Usiwaulize watu wanapenda ofisi ya namna gani. Watakutajia picha walizoona mtandaoni. Waangalie wanakokimbilia.

Ofisi moja nilimkuta kijana kwenye ngazi za dharura, laptopu magotini, sikio moja lina spika, sikio jingine liko wazi ili asikie anayeshuka. Mama wa usafi alipopita na ndoo, kijana alifunika maikrofoni kwa kiganja, akasubiri, akaendelea na kikao chake cha mteja. Asubuhi hiyo hiyo nilimkuta mwingine ndani ya gari, vioo vimepandishwa, jasho linamtiririka. Viongozi walikuwa wananieleza kuwa shida yao ni uhaba wa meza, kumbe watu wao walikosa milango.

Mwisho wa wiki utakuwa na namba mbili za maana: watu wangapi kwa mkupuo mmoja wanahitaji kuongea bila kusikika, na wangapi wanahitaji kutosikia. Kwa kampuni ya watu 20 mimi hukuta wanne au watano wako kwenye simu au kikao kwa wakati mmoja, bila kuhesabu huduma kwa wateja.

Hatua ya 2: Gawa eneo kutoka barazani kwenda ndani

Anzia kwenye mlango wa kuingilia, panga hivi:

1. Baraza na mapokezi, mita za mraba 15. Benchi refu la kujengea ukutani lenye mito, siyo sofa mbili zinazotazamana.
2. Jiko na meza ya chakula, 18.
3. Chumba cha mkutano cha watu wanane, 18.
4. Chumba cha huduma kwa wateja, 14, kina mlango wake.
5. Vyumba viwili vidogo vya watu watatu hadi wanne, 14 vyote viwili.
6. Vibanda vitatu vya simu vya mtu mmoja, 4.
7. Ukumbi wa kazi wa watu 15, 50. Huu uwe ndani kabisa.
8. Chumba cha utulivu, 6. Ni cha swala, cha mama anayekamua maziwa, na cha aliyeshikwa na kichwa. Mlango ufungike kwa ndani.
9. Stoo na kabati la vifaa vya mtandao, 5.

Hapo ni 144. Zinazobaki 36 ni njia za kupita. Usishawishike kuzila. Kila mara bosi anaponiambia "hapa katikati pana nafasi, ongeza meza nne", ndipo ofisi inapoanza kugeuka stendi ya daladala.

Onyo: watu wa huduma kwa wateja wasikae ukumbi mmoja na watengeneza programu. Wanaongea kwa kazi, na hawana kosa. Kuwaambia wapunguze sauti ni sawa na kumwambia muuza samaki asinadi.

Jambo jingine la barazani: mgeni aliyekaa kwenye benchi asione skrini ya mtu yeyote. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika, jina na namba ya mteja kusomeka na mpita njia ni tatizo la kisheria.

Hatua ya 3: Chora ofisi sakafuni kwa ukubwa wake halisi

Hatua hii haina gharama na ndiyo inayookoa hela nyingi. Bandika tepu ya karatasi sakafuni kufuata kila ukuta, kila meza, na mlango unakofungukia. Weka viti halisi. Kisha waite watu sita, waambie wakae, wainuke, wapishane wakiwa na vikombe vya chai mkononi.

Vipimo vya kushika: meza ya mtu mmoja sentimita 140 kwa 70, na isishuke chini ya 120 kwa 60. Nyuma ya kiti acha mita 1. Njia kuu iwe sentimita 120, milango 90, na mahali pamoja karibu na chumba cha mkutano pawe na duara la mita 1.5 ili mtu wa kiti cha magurudumu aweze kugeuka. Jaribu hilo duara kwa kiti cha magurudumu cha kuazima.

Tepu ikae siku mbili. Siku ya pili utaona imechakaa sehemu fulani kwa kukanyagwa. Hiyo ndiyo njia ya kweli. Hamisha meza, usihamishe watu.

Hatua ya 4: Soma jua

Dar es Salaam iko kusini mwa Ikweta, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwaka jua linapita upande wa kaskazini, na kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi linahamia kusini. Hayo yote yanavumilika kwa kivuli kidogo juu ya dirisha. Adui ni dirisha la magharibi. Kuanzia saa tisa alasiri jua linaingia likiwa limelala, linapiga skrini, linapiga shingo, na kiyoyozi kinabaki kinahema.

Upande wa magharibi weka stoo, jiko, chumba cha utulivu. Upande wa kaskazini au kusini weka ukumbi wa kazi. Meza zipangwe ili dirisha liwe ubavuni mwa anayefanya kazi. Likiwa nyuma yake linang'aa kwenye skrini, likiwa mbele linamchoma macho. Kama huna budi kutumia magharibi, zuia jua kwa nje. Pazia la ndani linasubiri joto liingie kwanza ndipo lilifunike.

Hatua ya 5: Jenga vyumba visivyovuja maneno

Kazi yangu ya kwanza ya namna hii nilijenga chumba cha mkutano cha kioo pande tatu, meza ya kioo, sakafu ya vigae. Nilifurahia ule mwanga. Kuta ziliishia kwenye dari ya jipsamu. Nilisita, fundi akaniambia, "Dada, dari imeshafunga, sauti itapitia wapi?" Nikakubali. Wiki ya kwanza mkurugenzi aliingia mle na kijana mmoja kuzungumzia mshahara wake. Mimi nilikuwa nje napima pazia. Kila neno lilipanda juu ya dari, likashuka kwetu kupitia matundu ya taa. Watu kumi na wawili waliacha kuandika, wakabaki wamekazia macho skrini zao. Kijana alipotoka hakumtazama mtu. Kosa lile lilikuwa langu, na tangu siku hiyo ukuta wangu haukomi darini.

Fanya hivi:

1. Ukuta wa jipsamu upandishwe hadi uguse zege la juu, na pale juu uzibwe kwa silikoni laini isiyokauka ikawa ngumu.
2. Kila upande weka tabaka mbili za jipsamu ya milimita 12, maungio ya tabaka la pili yasiangukie kwenye maungio ya la kwanza.
3. Katikati jaza pamba ya mawe ya milimita 50. Isishindiliwe.
4. Soketi za vyumba viwili zisikae mgongo kwa mgongo. Ziachanishwe angalau sentimita 60.
5. Mlango uwe mzito, usiwe mtupu ndani, na uwe na mpira pande tatu na brashi chini. Mwanya wa chini wa sentimita moja unaharibu kazi yote hiyo.
6. Kioo kiwe ukanda wa wima pembeni mwa mlango, cha tabaka mbili zilizogandishwa pamoja, chenye alama usawa wa macho ili mtu asigonge uso.

Chumba kilichofungwa hivi hakina hewa. Kila chumba kipate hewa yake, na kibanda cha simu kiwe na feni ndogo ya kutoa hewa chafu inayowaka taa ikiwaka. Kibanda bila feni, kwa joto la Februari, mtu anakitumia mara moja tu.

Hatua ya 6: Ua mwangwi

Kuzuia sauti isitoke na kuzuia sauti isivume ndani ni kazi mbili tofauti, wanaoanza huzichanganya. Simama katikati ya chumba, piga kofi moja. Ukisikia mlio unaotetemeka kama bati, mwenzenu wa Arusha au Nairobi atakayekuwa kwenye kikao cha mtandaoni atasikia maneno yamerundikana.

Dawa ni paneli laini, na unaweza kuzitengeneza mwenyewe. Nunua vipande vya pamba ngumu ya mawe vya sentimita 120 kwa 60, unene milimita 50. Seremala atengeneze fremu nyepesi ya mbao kwa kila kimoja. Vaa glavu, barakoa na mikono mirefu, nyuzi zake zinawasha. Funga kwanza kwa kitambaa chembamba cha kuzuia vumbi, kisha vika kitambaa cha nje.

Kitambaa cha nje ndicho ninachokipenda zaidi: kanga. Weka kitambaa mdomoni, pulizia. Pumzi ikipita, sauti itapita na kumezwa na pamba. Ikigoma, kitambaa hicho kitairudisha sauti chumbani. Kanga ya pamba inapita mtihani huu vizuri. Upande mmoja wa kanga una takriban sentimita 150 kwa 110, unatosha fremu moja na ncha za kupigilia nyuma, kwa hiyo doti moja inakupa paneli mbili. Chagua yenye mji mpana, maana pindo litakunjwa nyuma, na jina nalo mara nyingi huishia huko. Ukitaka jina lisomeke, kata na ushone upya kabla ya kuvika, na lisome vizuri kwanza. Yapo majina ya kanga ambayo hayafai kuning'inia juu ya kichwa cha mhasibu.

Chumba cha mkutano cha mita za mraba 18 kinataka paneli nane hivi, kwenye kuta mbili zinazokutana kona, usawa wa kichwa cha aliyekaa. Ukumbini zining'inize darini juu ya meza.

Maonyo mawili, na ninayasema kwa uzito. Trei za mayai hazisaidii. Na sponji ya godoro usiibandike ukutani hata ukipewa bure: inawaka haraka mno na moshi wake ni sumu.

Hatua ya 7: Umeme na mtandao, kabla ya jipsamu kufungwa

Kila meza soketi nne, mbili za vifaa vya kudumu na mbili za chaja. Gawa sakiti tatu: kompyuta na mtandao, taa, na mizigo mizito yaani viyoyozi, birika na maikrowevu. Inveta na betri zihudumie sakiti ya kwanza na ya pili tu. Birika moja la umeme la wati 2,000 linakula sawa na laptopu 20 au zaidi. Nimeona umeme umekatika, mtu akaenda kuchemsha chai, ofisi nzima ikazima dakika hiyo hiyo.

Kebo za mtandao zivutwe mbili kwa kila meza mbili, na nyingine kwenda darini katikati ya ukumbi kwa ajili ya kirusha mawimbi cha waifai. Kisiwekwe nyuma ya kabati la chuma wala ndani ya stoo. Kila chumba cha mkutano kipate kebo yake ya waya. Kikao cha video juu ya waifai peke yake ni bahati nasibu. Andika namba kwenye ncha zote mbili za kila kebo. Dakika kumi unazotumia leo, mwaka kesho ni siku nzima.

Hatua ya 8: Ubaridi na mwanga

Kwa ukanda wa pwani mimi huanza na BTU 600 (kipimo cha nguvu ya kiyoyozi) kwa kila mita ya mraba, halafu naangalia jua na idadi ya watu. Ukumbi wetu wa mita za mraba 50 unahitaji kama 30,000, kwa hiyo naweka viyoyozi viwili vya 18,000 badala ya kimoja kikubwa. Kimoja kikiharibika kazi inaendelea. Upepo wake usimpige mtu kichwani moja kwa moja; elekeza kwenye njia. Ongeza feni za dari zinazozunguka taratibu, ukiweka kiyoyozi nyuzi 25 pamoja na feni watu wanaridhika kuliko nyuzi 20 bila feni. Paneli za darini zisikae chini ya feni.

Taa: LED za rangi ya kati, 4000K. Kiwango cha Ulaya kwa kazi za kusoma na kuandika ni luksi 500 (kipimo cha mwanga) juu ya meza, na programu ya simu itakupa makadirio yanayotosha. Swichi zigawanywe safu kwa safu, siyo swichi moja kwa ukumbi mzima. Barazani na jikoni weka taa za njano zaidi. Watu wanakaa, wanaongea.

Hatua ya 9: Meza na viti

Meza zichongwe, viti vinunuliwe. Hilo ndilo jibu langu kwa swali la Keko. Seremala mzuri wa Keko atakupa meza imara kwa kipimo unachotaka, kimo sentimita 72 hadi 75. Mpelekee mchoro wenye tundu la nyaya, na muombe atengeneze moja kwanza. Ikalie siku tatu kabla hujaagiza zilizobaki. Epuka mbao za unga zilizobanwa: hewa ya pwani ina unyevu, kingo zinavimba kama mkate. Plaiwudi nzuri iliyofungwa kingo zote inadumu. Miguu ya chuma ipakwe rangi ya kuokwa, chumvi ya bahari haina huruma na chuma kitupu.

Kiti kinunuliwe kwa mtaalamu wa viti. Kiwe kinapanda na kushuka, kinashika kiuno, na chandarua mgongoni badala ya ngozi ya bandia, ambayo kwa joto letu inabandika shati na kubanduka vipande mwaka wa pili. Kama hela inabana, kata kwenye mapokezi, usikate kwenye viti.

Hatua ya 10: Mahali pa kukutania

Ubao mweupe usifungiwe chumba cha mkutano peke yake. Weka mmoja wa magurudumu ukumbini na mwingine ukutani jikoni, ukingo wa chini sentimita 85 kutoka sakafuni, kalamu zimefungwa kwa kamba. Mawazo mengi ya kazi huzaliwa mtu akisubiri maji yachemke, na yakikosa pa kuandikwa yanapotea na mvuke.

Jikoni weka meza moja ndefu ya watu kumi badala ya nne ndogo. Meza ndogo zinagawa watu kwa idara. Kwenye ndefu, mtengeneza programu anajikuta kando ya dada wa huduma kwa wateja, wanakula wali maharage, na dada anamwambia kitufe gani wateja wanakilalamikia. Hakuna kikao kinacholeta habari hiyo haraka hivyo. Jiko liwe kati ya baraza na ukumbi, ili kila mtu alipite, lakini lisipakane na ukuta wa ukumbi bila kabati au chumba kati yao.

Ukishahamia, mambo yakikataa

*Vibanda vya simu vimejaa kutwa.* Angalia kwanza nani yumo. Mara nyingi ni mtu mmoja aliyekihamia na chaja yake. Ondoa kiti chenye mgongo, weka kigoda kirefu; atatoka mwenyewe. Kama bado vimejaa, chumba kimoja kidogo kigawe mara mbili.

*Chumba cha mkutano bado kinavuja.* Washa redio ndani, funga mlango, zunguka nje ukiweka sikio chini ya mlango, kwenye soketi, kwenye tundu la bomba la kiyoyozi, na juu ya dari. Ziba mahali unaposikia zaidi, rudia. Mara tisa kati ya kumi ni mlango.

*Wengine wanaganda, wengine wanavuja jasho.* Usigombanie rimoti. Pima joto mezani kwa kipimajoto cha kawaida saa nne asubuhi na saa tisa alasiri kwa siku tatu, kwenye meza tano tofauti. Utaona ni dirisha au mdomo wa kiyoyozi. Mpe anayeganda meza ya mbali.

*Ukumbi una kelele ingawa paneli zipo.* Tafuta kikao cha asubuhi cha kusimama. Timu nyingi hukifanyia katikati ya meza. Kihamishie kwenye ubao wa jikoni, dakika kumi na tano, wengine wabaki na utulivu wao.

*Kona nzuri haikaliwi.* Kaa mwenyewe saa nzima na laptopu. Utakuta hakuna soketi, au mgongo wako umeelekea mlango mkuu. Mtu hakai raha asipoona anayeingia nyuma yake. Geuza benchi liegemee ukuta.

*Paneli zinanuka ukungu.* Zimegusa ukuta wa nje unaovuta maji ya masika. Zishushe, zianike kivulini, uvujaji uzibwe kwa nje, kisha zirudishe juu ya vipande vya mbao vya sentimita mbili ili hewa ipite nyuma. Ile ambayo pamba yake imelowa hadi ndani itupe. Kanga yake ifue, ivike fremu mpya.